Kielelezo Kilichozaa Ndama

Siku yangu ya kwanza kusimama kortini Kajiado, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa nimepiga sare yangu pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe. Nilitoka nyumbani nikitarajia wauaji na majambazi wa benki. Faili niliyokabidhiwa ilitoka Ngong, na ndani yake mlikuwa na kinyozi na mteja wake. Stima ilipotea kinyozi akiwa amenyoa nusu ya kichwa, mteja akakataa kulipia nusu, kinyozi akakataa kumfungulia mlango, wakasukumana, na polisi wakawashtaki wote wawili kwa kuzua fujo. Nilisoma mashtaka kwa sauti ya juu kama nilivyofundishwa. Hakimu akashusha miwani, akamtazama mteja, ambaye hakuwa amekwenda kwa kinyozi mwingine kumaliziwa, kisha akanitazama mimi.

"Mwendesha mashtaka," akasema, "serikali inataka nini na kichwa cha huyu?"

Nilifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu na jibu bado sina.

Ninyi vijana mnaosomea sheria siku hizi mnastaajabu mkisikia kwamba sisi waendesha mashtaka tulikuwa polisi. Ndivyo ilivyokuwa. Inspekta alichukuliwa kituoni, akapelekwa kozi ya miezi kadhaa, akafundishwa Kanuni ya Adhabu na Sheria ya Ushahidi, akarudi akiwa amebeba vitabu viwili na kusimama mbele ya mawakili waliovisoma kwa miaka. Mlalamishi alifika kituoni, taarifa yake ikaandikwa katika kitabu cha matukio tulichokiita OB, mpelelezi akachukua maandishi ya mashahidi, kisha faili ikaja kwangu nitayarishe hati ya mashtaka, yaani ile karatasi inayosema mtu amevunja kifungu gani. Kazi ya kwanza ya mwendesha mashtaka, kabla hata ya kushika kalamu, ilikuwa kujiuliza: hili ni la jinai au ni la madai? La jinai ni kosa dhidi ya umma, na mtu anaweza kufungwa. La madai, sisi tuliliita sivil, ni watu wawili kutoelewana, na wanatakiwa kupelekana mbele ya hakimu kwa gharama zao wenyewe. Ni tofauti rahisi. Mtoto wa darasa la nne angeielewa. Lakini katika wilaya yetu ilikuwa kana kwamba imeandikwa kwa wino usioonekana.

Mkubwa wangu wa kwanza, mkuu wa mashtaka wa wilaya, alikuwa mwanamume mzito aliyetembea na kifimbo kwapani hata akienda msalani. Asubuhi ile ile ya kinyozi aliniita ofisini.

"Wangui," akasema, "dawa ya deni ni kulipa. Si pingu. Mtu akikuletea deni lake hapa, mpe kiti, mpe maji ya kunywa, halafu muonyeshe mlango."

Maneno mazuri. Niliyaamini kwa muda wa wiki nzima, mpaka diwani mmoja alipompigia simu kuhusu fundi wa cherehani aliyemharibia suti, na mkubwa wangu akaniambia niandike mashtaka kabla ya saa nne.

Nilipohamishiwa Loitokitok mambo yalikuwa yale yale, ila na matope. Huko walishtakiana kwa trekta. Mkulima wa nyanya alikodi trekta, jembe likavunjika katikati ya shamba, mwenye trekta akataka malipo yote, mkulima akaficha ufunguo wa trekta, na jioni wote walikuwa kituoni wakipiga kelele. Mkuu wa kituo kule alikuwa na msemo wake, "Andika kwanza, tutafikiri baadaye." Nilimwandikia. Kufikiri kwenyewe sikukuona. Nilipopata barua ya kurudishwa Kajiado mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, nilishukuru Mungu, nikidhani nimeyaacha huko chini ya mlima.

Basi ndipo ikaja faili ya Mutua.

Mutua alikuwa mchimba visima kutoka Ukambani. Wakati huo Kitengela haikuwa hii mnayoiona ya maghorofa. Palikuwa na vibanda kando ya barabara ya Namanga, kiwanja cha mnada, na ng'ambo ya hapo uwanda mtupu wenye mabomu ya Wamaasai, nikimaanisha maboma, samahani, hata mkono umezoea kuandika mambo ya polisi. Maji yalikuwa shida. Watu wa Mutua walijulikana kwa kazi hiyo. Walichimba kwa sururu na mtaimbo, mmoja chini na mmoja juu wa kuvuta ndoo, wakapasua mwamba kwa moto na maji baridi walipokosa njia nyingine. Wengi walifukiwa. Mutua mwenyewe alikuwa na kovu lililotoka sikioni mpaka begani, kumbukumbu ya jiwe lililomwangukia.

Mzee Ole Kasaine alimwajiri achimbe kisima bomani kwake. Wakaelewana hivi: boma litamlisha Mutua na mwenzake muda wote wa kazi, na maji yakitoka, Mutua atapewa mtamba mwekundu aliyekuwa na mimba, ambaye Ole Kasaine alimwonyesha kwa fimbo akiwa malishoni. Wakanywa chai juu ya neno hilo, wazee wengine wakiwapo. Hakuna aliyelalamika.

Mutua akachimba, na maji yakatoka. Ole Kasaine akayaonja, akatema, akasema yana chumvi.

"Mimi niliitwa kutoa maji," Mutua akamwambia. "Chumvi si mimi nimeweka."

Ole Kasaine akakataa kutoa mtamba. Mutua akasubiri. Akarudi mara kadhaa, akapewa chai, akaambiwa aje siku nyingine. Mwishowe akaja asubuhi moja, jua limeshapanda, akaenda moja kwa moja malishoni, akamwambia mchungaji, "Nachukua ng'ombe yangu, mwambie mzee," akamfunga kamba mtamba mwekundu na kushika barabara ya lami akielekea Athi River. Njiani aliwasalimia polisi waliokuwa wamesimama kando. Kabla hajafika mbali, gari la polisi likamfuata. Ole Kasaine alikuwa ameshapiga ripoti.

Faili iliponifikia, mpelelezi alikuwa ameandika "wizi wa mifugo". Nawaomba mlielewe vizuri neno hilo. Kuiba kuku ni wizi. Kuiba ng'ombe ni kosa lenye kifungu chake peke yake, na kifungo chake kilikuwa cha miaka mingi, kwa sababu wizi wa ng'ombe uliwahi kuua watu katika nchi hii. Kifungu hicho kilikusudiwa wezi wanaokuja na bunduki. Sasa kilikuwa kimemwangukia mtu aliyeaga mchungaji.

Niliibeba faili hiyo mpaka kwa mkuu wangu mpya wa mashtaka, mtu mwembamba aliyekunywa chai bila kuacha.

"Bwana mkubwa, hii ni sivil," nikamwambia. "Mtu alifanya kazi, hakulipwa, akachukua kitu alichoahidiwa. Sheria yenyewe inasema mtu anayeamini kwa dhati kuwa mali ni yake hawezi kuitwa mwizi."

"Madam," akasema, "kuna ng'ombe aliondoka bomani?"

"Aliondoka."

"Mwenyewe alimpa?"

"Alimuahidi, lakini—"

"Ng'ombe ni ng'ombe. Kamishna wa wilaya anataka kuona wezi wa mifugo wakifungwa. Wewe shtaki. Kama ana maneno, atamwambia hakimu."

Nilikasirika mpaka nikasahau kupiga saluti. Mashtaka kama hayo nisingeweza kuyaondoa mwenyewe bila agizo kutoka juu, na huko juu ndiko nilikokuwa nimetoka.

Mutua aliposomewa mashtaka alijibu, "Ni kweli nilichukua. Ni yangu." Karani alishataka kuandika kuwa amekiri. Hakimu, kijana mpole lakini makini, akamzuia. Mtu akisema nilichukua lakini ni yangu, hajakiri wizi, na inaandikwa kuwa amekana. Akapewa dhamana, lakini dhamana ilihitaji mdhamini mwenye hati ya shamba au kitabu cha gari, na huyu mtu wa Ukambani nani angemdhamini Kajiado? Akarudishwa rumande. Mke wake alikuja mara moja akiwa na mtoto mgongoni, akakaa kwenye benchi siku nzima, akaambiwa kesi itatajwa tu. Kutajwa maana yake hakuna ushahidi unaosikizwa, jina linaitwa na tarehe nyingine inatolewa. Alitembea umbali huo wote ili asikie jina la mumewe likiitwa. Mvua ya kupanda ilikuja ikapita Mutua akiwa ndani.

Na ilitajwa, ikatajwa. Mara gari la rumande halina mafuta. Mara hakimu yuko likizo. Mara Ole Kasaine amehamisha mifugo kutafuta majani na hakuna ajuaye yuko wapi. Kila mara nilisimama na kusema, "Mheshimiwa, mashahidi wangu hawako," na kila mara nilihisi aibu usoni, maana Mutua alikuwa akinitazama kwa heshima tu, bila chuki, jambo lililonikera zaidi.

Wakati huo kielelezo kilikuwa kikila. Kielelezo ni kitu kinacholetwa kortini kuthibitisha kosa, kama kisu au nguo. Kwa kawaida ng'ombe hupigwa picha na kurudishiwa mwenyewe, lakini hapa Mutua na Ole Kasaine kila mmoja alisema mwenyewe ni yeye, kwa hiyo hakimu akaamuru mtamba akae kituoni mpaka kesi iishe. Akafungwa nyuma ya ofisi, ambako alimaliza sukuma wiki ya mke wa mkuu wa kituo, akaanza maua. Askari walipangiana zamu ya kumtafutia majani. Kisha asubuhi moja mkuu wa kituo akanipigia simu kwa hasira.

"Madam, kielelezo chako kimezaa."

"Kimezaa nini?"

"Dume! Sasa niambie. Hati ya mashtaka inasema ng'ombe mmoja. Mimi niko na wawili. Huyu wa pili ameibwa na nani?"

Wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Huyu alizaa mikononi mwa serikali, na mpaka hapo hakuna aliyejua ni wa maskini yupi. Nilitumia mchana mzima nikiandikiana na wakubwa kuhusu ndama. Mmoja aliuliza kwa barua rasmi kama nimefikiria kurekebisha mashtaka. Hiyo ndiyo kazi niliyosomea.

Siku ya kusikizwa ikafika hatimaye. Mtamba, ambaye sasa alikuwa ng'ombe kamili, aliletwa kwa lori pamoja na ndama wake, wakafungwa chini ya mti uani mwa korti. Ole Kasaine alikuwa shahidi wangu wa kwanza. Alikuja na shuka safi na fimbo yake, akaeleza habari ya chumvi. Mutua hakuwa na wakili, kwa hiyo akaruhusiwa kumuuliza maswali mwenyewe.

"Mzee, ng'ombe zako siku hizi zinakunywa maji wapi?"

Ole Kasaine akajibu, "Kwa kisima."

"Kisima gani?"

"Hiyo uliochimba."

"Na nyinyi, maji ya kuoga?"

"Hiyo hiyo."

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza. "Sasa kwa nini hukumpa ng'ombe?" akauliza yeye mwenyewe. Mzee akaangalia fimbo yake, akasema tena kwamba maji yana chumvi, safari hii kwa sauti ndogo. Mimi, niliyekuwa upande wake, nilitamani kumvuta sikio. Nilijua kuna kitu anakimeza, ila sikukijua.

Shahidi wa pili alikuwa mkewe, Naserian. Mpelelezi alikuwa amemweka kwenye orodha ya mashahidi kwa jambo dogo tu, amtambue ng'ombe. Alisema kwa Kimaasai, mkalimani akatafsiri. Tukatoka uani, akamwona ng'ombe chini ya mti, akaenda akamshika pembe kabla sijamwambia chochote. Tukarudi ndani. Nikamuuliza swali la kawaida, ambalo huulizwa kila shahidi wa aina hiyo.

"Mama, unamjua ng'ombe huyo?"

"Namjua."

"Ni wa nani?"

"Wangu."

Nilidhani mkalimani amechoka. Nikarudia. Akarudia. Ndipo akatueleza polepole, kana kwamba anaongea na watoto. Mwanamke akiolewa, hutengewa ng'ombe wa nyumba yake. Maziwa yao ni yake, na baadaye watakuwa wa wanawe. Mume ndiye huwachunga na jina lake ndilo huitwa, lakini hawezi kumtoa mmoja wao bila kumuuliza mke mwenye nyumba hiyo. Mtamba yule mwekundu alizaliwa katika ng'ombe wake. Mumewe alimwahidi mchimba kisima bila kumuuliza. Naye aliposikia, akakataa.

"Kwa nini ulikataa?" nikamuuliza.

"Kwa sababu hakuniuliza. Angeniuliza ningetoa. Nani alikuwa anatembea na punda kutafuta maji? Ni yeye?"

Ole Kasaine alikuwa ameinamisha kichwa. Sasa nilielewa chumvi ilitoka wapi. Mwanamume yule hakuweza kumwambia mgeni wa kazi, mbele ya wazee waliokunywa chai siku ile, kwamba mke wake amekataa. Aliona ni heri aseme maji ni mabaya. Uongo mmoja ukamlazimu wa pili, na alipoona ng'ombe ameondoka akaogopa mke kuliko polisi, akaja kwetu.

"Mama," hakimu akasema, "huyu mtu alikuibia?"

Naserian akageukia kizimba cha mshtakiwa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama Mutua vizuri. Rumande ilikuwa imemla mashavu.

"Hapana. Mimi nilikuwa na hasira na mume wangu. Niliambiwa polisi wamechukua ng'ombe. Hakuna mtu aliniambia wamechukua na mtu."

Sikumwangalia mkuu wangu, aliyekuwa ameketi nyuma. Nikamwambia hakimu kwamba upande wa mashtaka hauna shahidi mwingine. Akaandika kwa muda, kisha akasema mshtakiwa hana kesi ya kujibu, yaani ushahidi wetu wenyewe hautoshi hata kumtaka ajitetee. Aachiliwe. Ng'ombe na ndama wapewe Naserian.

Uani, Naserian akafungua kamba mtini na kumpa Mutua mkononi. Mutua akasema aliahidiwa mmoja tu, ndama hakuwa katika maneno yao. Mama yule akamsikiliza mkalimani, akatikisa kichwa.

"Ng'ombe ni ya kisima," akasema. "Ndama ni ya hiyo miezi."

Mumewe alisimama kando. Hakuomba msamaha, na mimi nilikuwa na maneno ya kumwambia ambayo sare haikuniruhusu.

Sasa nimestaafu, nakaa Kitengela, mahali ambapo zamani nilipita tu ndani ya gari la polisi. Uwanda umegawanywa ploti, visima siku hizi vinachimbwa kwa mashine kubwa, na maji bado yana chumvi. Kazi yetu imechukuliwa na mawakili wa serikali, na nasema ni vizuri. Lakini watu hawajabadilika hata kidogo. Hakuna wiki inayopita bila jirani kubisha geti langu. Fundi wa mabomba amemaliza kazi vibaya. Mteja amehama bila kumlipa mwalimu wa kumfundishia mtoto. Dereva wa maji amemwaga nusu ya tangi nje. Wote wanataka jambo moja: "Mama Wangui, wewe unajua polisi, saidia huyu mtu afungwe." Hawasemi nilipwe. Hawasemi tupatanishwe. Afungwe! Ninawapa kiti, ninawapa maji ya kunywa, ninawaambia waende wakae chini na mwenzao, na wanaondoka wakinung'unika kwamba mama huyu hana msaada. Wengine huenda moja kwa moja kituoni, na najua kuna inspekta fulani huko anayeandika kwanza.

Wakinichosha sana huwasimulia jinsi siku ile ilivyoisha. Mutua alisimama uani akiwa ameshika kamba, haendi. Nikamuuliza anangoja nini.

"Madam, mimi siwezi tembea na hii ng'ombe," akasema. "Watanishika tena."

"Umeachiliwa. Ni wako sasa."

"Hata ile siku ilikuwa yangu."

Sikubishana naye. Nikaenda naye mwenyewe ofisi ya mifugo, akaandikiwa kibali cha kusafirisha, nikakitia muhuri. Kisha nikatembea naye katikati ya mji mpaka kizuizi cha barabarani, mahali ambapo malori husimamishwa, ili nimwombe dereva yeyote anayeelekea Athi River amchukue. Nilikuwa na sare yangu kamili. Mutua alikuwa nyuma yangu na ng'ombe, ndama akimfuata mamaye. Kijana mmoja wa polisi kizuizini akatuona tukija, akajiweka sawa, akanipigia saluti nzuri kabisa, uso wake ukiwa na furaha ya kweli.

"Pongezi, madam!" akasema. "Umempata, na ng'ombe, na ndama!"

Kabla sijafungua mdomo, Mutua aliachia kamba, akanyoosha mikono yake yote miwili mbele, akangoja pingu.